Maswali ya Wasomaji: Insha za Uchumi Zinazofanana

SWALI: Mimi ni mhadhiri wa uchumi katika chuo kimoja hapa Mbale. Kila muhula huwapa wanafunzi wa mwaka wa pili insha ya kurasa 10 kuhusu sababu za mfumuko wa bei, nao hunirudishia maneno ya kitini changu, yamepangwa upya tu. Darasa lina wanafunzi zaidi ya 100. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu mhadhiri, swali lako lenyewe ndilo linalowarudisha kwenye kitini, kwa kuwa jibu lote limo humo. Wape uamuzi wa kutetea, pamoja na mtu wa kumwandikia. Mfumuko wa bei unafaa bado: mwezi Oktoba 2011 ulifikia takriban asilimia 30 kwa mwaka, na mwezi uliofuata Benki Kuu ya Uganda ikapandisha riba yake hadi asilimia 23. Mwanafunzi amwandikie mfanyabiashara mwenye mkopo, amweleze kwa nini hatua hiyo ilikuwa sahihi au la.

Mimi, hata hivyo, ningeanza na kodi ya pesa kwa simu, ambayo karibu kila mmoja darasani aliisikia nyumbani. Julai 2018 serikali ilianza kutoza asilimia 1 ya thamani ya miamala. Kabla ya mwaka kwisha ikapunguzwa hadi asilimia 0.5, tena kwa kutoa pesa peke yake. Mwanafunzi amwandikie mbunge wake maneno 500: ni nani hasa aliyebeba mzigo, mtumaji, mpokeaji au wakala, na kwa nini kutoza utoaji pekee kunabadilisha mwenendo wa watu? Hapo hawezi kukwepa unyumbufu wa mahitaji (yaani jinsi watu wanavyopunguza au kuongeza matumizi bei inapobadilika), ingawa hukumtajia, na atalazimika kusema ni takwimu gani zingemfanya abadili msimamo. Sharti hilo la mwisho usiliache, maana ndilo linalotenganisha hoja na malalamiko.

Kuhusu wingi wa karatasi, kurasa 10 hazikusaidii wewe wala wao. Dai aya moja yenye hoja kuu wiki mbili kabla, wasomeane wawili wawili darasani, nawe upitie aya hizo tu. Katika kusahihisha, alama nyingi ziende kwenye mantiki na ushahidi. Makosa ya sarufi (na wahadhiri wengi huyapenda, kwa kuwa huonekana upesi) yatozwe pale tu yanapoficha maana. Vigezo hivyo wapewe siku ileile wanapopewa swali.