Mbona mwenziwe kafungwa zaidi?

Shikamoo, Mzee. Mpwa wangu na mwenziwe waliiba pamoja huko Leicester, Uingereza. Yeye kapewa miezi 18, mwenziwe 27. Hapa Shela watu wasema jaji kahongwa.
– Mama wa Shela, Lamu

Marahaba, mwanangu. Hongo siioni; naona hesabu. Jaji wa kule ana miongozo: hupima lawama ya mkosaji na madhara aliyotia, ndipo akaongeza au kupunguza kifungo. Anayekiri mapema kabisa hupunguziwa thuluthi; anayengoja siku ya kesi, sehemu moja ya kumi tu. Thuluthi ya 27 ni 9; ukiitoa hubaki 18, miezi ya mpwa wako. Basi nadhani mpwa wako alikiri upesi. (Nilipokuwa karani mahakamani Malindi, niliwaona wengi wakikana kwa ukaidi tu!) Muulize wakili wake alikiri lini.