Muulize Fundi Pampu: Nozeli zipi za kununua?

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina Fuso ya injini 6D16 isiyo na turbo. Nabeba mchanga kutoka Mpiji, napeleka kwenye ujenzi Goba na Tegeta. Tangu masika gari limekuwa zito, likipanda kilima na mzigo linatoa moshi mweusi mpaka walio nyuma wanapiga honi. Kazi ya siku iliyokuwa inakula lita 50 sasa inakula 60, na ninakojaza dizeli ni shilingi 2,800 kwa lita. Nimezunguka maduka ya spea ya Gerezani nikapewa bei nne. Kuosha na kupima nozeli zote sita ni 120,000. Ncha mpya ni 50,000 kila moja, mbali na hiyo pesa ya kupima. Nozeli nzima mpya ni 180,000 kila moja. Halafu kuna kijana anauza za mtumba zilizotoka kwenye injini kubwa zaidi, 70,000 kila moja. Anasema matundu yake ni mapana, gari litapanda kama halijabeba kitu. Nichukue zipi?
Mwenye Fuso, Goba

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na za huyo kijana, maana ndizo zinazonitia hofu.

Kwenye injini yako anayepima kiasi cha dizeli ni pampu. Nozeli kazi yake ni kuyapasua mafuta yawe ukungu na kuuelekeza ukungu huo kwenye bakuli la pistoni, kwa pembe aliyoipanga mtengenezaji. Ukifunga yenye matundu mapana bila kugusa pampu, mafuta yanatoka kama matone, na matone hayaungui yakaisha. Hapo kijana atakwambia basi tuongeze pampu. Sawa, lakini hewa ya kuyaunguza utaitoa wapi? Injini yako ni ya lita saba na nusu, haina turbo ya kuisukumia hewa ya ziada, inavuta hewa ile ile iliyovuta ilipotoka kiwandani. Huo moshi mweusi unakuambia tayari kuna dizeli inayokosa hewa, na wewe unataka kuiongezea nyingine. Joto la moshi linapanda, pistoni zinaungua vichwa, dizeli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda na kuteremka mpaka kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Nimefungua injini za malori ya mchanga zilizofanyiwa hivyo, na mwenye gari amesimama pembeni anatazama pistoni iliyotoboka huku deni la benki halijafika nusu. Naomba usiwe wewe. Na hata matundu yangekuwa ya saizi yako, pembe ya mnyunyizo ya injini nyingine inaweza kupiga ukuta wa silinda badala ya bakuli.

Sasa tuje kwenye hizo bei tatu. Kabla hujatoa hata shilingi, toa filta ya hewa uitazame juani. Barabara za machimbo zina vumbi baya sana, na filta iliyoziba inatoa moshi mweusi uleule unaouogopa. Kama ni nzuri, washa injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, kisha fundi alegeze nati ya bomba la nozeli moja moja kwa kitambaa na uangalifu. Silinda isiyo na tatizo ukiilegezea, mlio wa injini unaharibika mara moja. Ile ambayo ukiilegeza hakuna kinachobadilika ndiyo yenye tatizo, ama nozeli yake au silinda yenyewe. (Jambo hili ni la injini za pampu ya zamani kama yako tu. Swali la pili litaeleza kwa nini.)

Baada ya hapo lipia kipimo, na uwepo wakati kinafanyika. Usikubali kupigiwa simu kwamba zimeshapimwa. Kwenye mashine ya mkono nozeli inatakiwa ifunguke kwenye presha iliyoandikwa kwenye kitabu cha injini yako, inyunyize ukungu sawasawa kila tundu, na itoe ule mlio wa kukwaruza unaokatika haraka haraka. Kisha presha ishushwe kidogo chini ya ile ya kufungukia na ishikiliwe sekunde kumi. Ncha ikilowa au ikidondosha, imekwisha. Nozeli inayokojoa haiponi kwa kuoshwa, kwa sababu kiti cha sindano kimelika. Kuosha kunasaidia pale ambapo ni masizi tu, na presha iliyoshuka inarudishwa kwa kuongeza vishimu, vile visahani vyembamba vya chuma, juu ya springi.

Hesabu yako ni hii. Lita kumi zinazopotea ni shilingi 28,000 kwa siku. Ncha sita pamoja na kupima ni 420,000, yaani siku 15 za kazi zinarudisha pesa, kama kweli hasara yote inatoka kwenye nozeli. Nozeli nzima sita ni 1,080,000, hapo utasubiri karibu siku 39. Na za yule kijana ni 420,000 vilevile, bei ya ncha mpya pamoja na kipimo! Mimi ningechukua ncha mpya zote sita. Usibadilishe mbili zilizokufa ukaacha nne chakavu, injini itatetemeka na utarudi gereji. Nozeli nzima nunua kama mwili wake umepasuka, nyuzi zimeliwa au umepata kutu ndani.

Dukani, angalia maandishi yaliyochongwa kwenye ncha ya zamani na uyalinganishe na mpya, herufi kwa herufi. Zenye maandishi DLLA, namba inayofuata ni pembe ya mnyunyizo, kwa hiyo 150 na 155 si kitu kimoja hata muuzaji akiapa. Boksi zuri lenye jina la Bosch, Denso au Zexel halitoshi, kwa sababu maboksi nayo yanachapishwa. Kinachonipa imani ni muuzaji anayekubali ncha ipandishwe kwenye mashine kabla hajalipwa, na anayetoa risiti ya EFD iliyoandikwa namba ya spea. Wakati wa kufunga, washa za shaba (vile vipete vinavyoziba chini ya nozeli) ziwe mpya zote. Washa ya zamani ikivujisha moto, ncha mpya itaungua kabla hata mchanga haujakulipa.

SWALI: Fundi, nina lori la kuvuta tela, linakwenda Tunduma, injini ya komoni reli. Nozeli moja imekufa. Nimeambiwa nichukue ya mtumba kutoka Dubai kwa nusu bei ya mpya. Na fundi wangu anataka kulegeza mabomba atafute kama kuna nyingine mbovu.
Mama wa Tabata

JIBU: Mama yangu, mzuie huyo fundi leo. Mfumo huu wa komoni reli, ambapo bomba moja la presha linalisha nozeli zote, na ambao Denso waliuingiza kwenye malori kwa Hino mwaka 1995, unashika presha inayoweza kupita bar 1,600. Uzi wa dizeli kwa presha hiyo unapenya ngozi kama sindano. Jeraha linaonekana dogo tu, lakini ni la kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo, mkono unaweza kukatwa. Kutafuta nozeli mbovu kunafanywa kwa kompyuta na kwa kupima mafuta yanayorudi kwenye kila nozeli, basi.

Ya mtumba siipendi, kwa sababu unanunua uchakavu usioujua. Kwenye mifumo mingi kila nozeli ina msimbo wake wa kuingizwa kwenye kompyuta ya gari, na mtumba iliyofutika msimbo itakusumbua safari nzima. Kama mpya imekuelemea, tafuta iliyotengenezwa upya kwenye karakana yenye mashine ya komoni reli, nawe upewe karatasi ya matokeo: kiasi inachopiga kwenye mzigo mwepesi, kwenye mzigo mzito, na kiasi inachorudisha. Bila karatasi hiyo, usitoe pesa. Gari lako linapandisha Kitonga, na nozeli ikikwama wazi pale itachoma pistoni.

La muhimu kuliko bei ni kujua kilichoiua. Mwambie fundi afungue filta ya dizeli. Akikuta vumbi la chuma linalometameta, pampu ya presha inajisaga, na nozeli yoyote utakayofunga itakufa njia moja na hiyo. Hapo pampu inatengenezwa kwanza, na reli, mabomba na tanki vinaoshwa.

SWALI: Je, nikichanganya mafuta ya taa kidogo kwenye dizeli nitasafisha nozeli?
Dereva, Mbagala

JIBU: Hapana, kaka. Pampu na sindano za nozeli zinalainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa hayana ulaini huo, yanazila. Petroli ni mbaya zaidi, usithubutu. Ukitaka nozeli ziishi, kila asubuhi kabla ya kuwasha fungua kile kidude cha chini ya chombo cha kutenganisha maji, umwage mpaka itoke dizeli safi. Kama maji yanatoka kila siku, hama kituo unachojazia, uoshe tanki, na ubadilishe filta zote mbili kwa pamoja.