Kutoka darasani kwenda kwenye miradi ya elimu ya kimataifa: shahada kwanza au kazi kwanza?

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Rungwe. Nina shahada ya kwanza ya elimu na miaka 6 kazini, yote katika madarasa ya chini. Ninatamani kufanya kazi katika mashirika ya kimataifa ya elimu na maendeleo. Je, nitafute kwanza ufadhili wa shahada ya uzamili nje ya nchi, au nianze na kazi ya mradi hapa nchini? Na kwa nini maombi yangu ya kazi hayajibiwi?

Jibu: Mwalimu, nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo linalobeba mengine. Nimeshiriki mara kadhaa hapa Iringa katika kuchambua maombi ya kazi za miradi ya elimu, na barua za walimu karibu zote hufanana: mwombaji anaeleza kwamba amefundisha darasa la kwanza na la pili kwa miaka kadhaa, kwamba anaipenda kazi na yuko tayari kujituma. Hasemi ni wanafunzi wangapi aliowapokea Januari wakiwa hawajui kusoma, wala wangapi walikuwa wanasoma ilipofika Novemba. Sina shaka kwamba wengi wa walimu hao ni hodari, ila mradi unaendeshwa kwa fedha za mfadhili anayetaka kuonyeshwa badiliko, na anayeajiri humtafuta mtu aliyezoea kulipima badiliko hilo na kuliandika.

Chukua kipimo kinachojulikana kwa kifupi chake, EGRA, ambacho hupima stadi za awali za kusoma na kimetumika pia katika shule zetu. Mtoto wa darasa la pili hukaa peke yake na mpimaji na kupewa hadithi fupi aisome kwa sauti kwa sekunde 60. Mpimaji hufuatilia kwenye nakala yake, hukata kwa mkwaju kila neno lililokosewa, na muda ukiisha huweka alama penye neno la mwisho lililosomwa. Mtoto aliyefika neno la 31 akiwa amekosea 4 amesoma kwa usahihi maneno 27 kwa dakika. Lakini aliyeimaliza hadithi yote ya maneno 40 kwa sekunde 48, akakosea 2, hahesabiwi maneno 38: unagawa 38 kwa 48 na kuzidisha kwa 60, unapata 47.5. Nimewahi kufanya kazi katika zoezi ambalo baadhi ya wapimaji walisahau kuandika sekunde zilizobaki, na kwa kosa hilo dogo watoto waliosoma haraka zaidi wakaonekana wa kawaida. Tukalazimika kurudi shuleni kupima upya. Mwalimu wa madarasa ya chini huelewa mara moja kwa nini jambo hilo ni zito, na uelewa huo ndio mtaji wako.

Ushauri wangu, basi, ni kazi kwanza, na kwa neno kazi sina maana ya kuacha ajira. Jifunze ufuatiliaji na tathmini: namna ya kuandika kiashiria kinachopimika, kukusanya takwimu za awali kabla mradi haujaanza, kutengeneza dodoso na kulijaza kwa kishikwambi. Programu ya KoboToolbox, inayofanya kazi hiyo ya dodoso, ina mpango usiolipiwa unaokutosha kwa mazoezi. Likizo za Juni na Desemba zitakupa nafasi ya kuomba kazi za muda za udadisi, yaani kuhoji watu na kukusanya takwimu, katika tafiti zinazopita Mbeya, Njombe na Songwe, ukiwa umemwarifu mwajiri wako na kupata ruhusa yake. Hizo ni kazi za siku chache, na malipo yake si makubwa, lakini ndiko unakojulikana kwa wasimamizi.

Tahadhari ya kutojiuzulu naiweka kwa uzito. Mkataba wa mradi una mwisho, na wakati mwingine mwisho huo huja kabla ya wakati. Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, na kufikia Julai mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limekoma kuendesha misaada hiyo. Iringa ni miongoni mwa mikoa iliyokuwa na miradi ya kusoma iliyofadhiliwa na shirika hilo, kama Tusome Pamoja ulioanza 2016 na Jifunze Uelewe uliofuata, kwa hiyo tunalijua pengo linalobaki mfadhili anapoondoka. Usiiachie ajira yenye pensheni kwa mkataba wa mwaka mmoja kabla hujawa na uzoefu utakaokupeleka kwa mwajiri wa pili.

Shahada ya uzamili ina wakati wake. Katika Umoja wa Mataifa, nafasi za maofisa wa kitaifa, zinazoandikwa NO, hutengewa raia wa nchi husika, na huko ndiko Mtanzania anakoweza kuanzia. Nafasi za kimataifa za ngazi ya P-3, yaani za wataalamu wa ngazi ya kati, kwa kawaida hudai uzamili pamoja na uzoefu wa miaka 5. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza hudai angalau saa 2,800 za kazi, ambazo wewe umezipita zamani, na humtaka mhitimu arejee nchini kwa miaka 2. Usipopata nafasi ya nje, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina vituo Mbeya na Iringa, na hufundisha uzamili wa ufuatiliaji na tathmini bila kukuondoa kazini. Kwa mtu wa hali yako mimi ningeuchagua huo kabla ya shahada ya jumla ya elimu ya kimataifa, kwa sababu unakuongezea ujuzi ambao hujaupata darasani.

Ukiombwa ada ya usaili na mtu anayejitaja kuwa wa Umoja wa Mataifa, usilipe. Haudai malipo katika hatua yoyote ya kuajiri.

Muhula utakapoanza, mweleze mwalimu mkuu nia yako, kisha wapime wanafunzi wako kwa hadithi moja fupi na saa, uandike matokeo ya kila mmoja kwenye daftari. Rudia Juni, kisha Novemba, ukitumia hadithi nyingine yenye urefu na ugumu uleule. Barua yako ijayo ya maombi ianze na takwimu hizo, na majina ya watoto yabaki kwenye daftari lako.