Maswali na Majibu: Kipanya Kibovu Kifunguliwe Kabla ya Kutupwa

Swali: Nikibofya mara moja, faili hufunguka kana kwamba nimebofya mara mbili. Je, ni virusi?

Jibu: Si virusi, na ninawasihi tena wasomaji wangu wakichomeke kipanya kwenye kompyuta nyingine kabla ya kuniandikia, kwa maana ubovu ukihama nacho, basi umo ndani yake. Chini ya kila kitufe pana swichi ndogo yenye miguu mitatu, na ndani ya swichi hiyo mna kibati chembamba kinachoruka kila unapobofya. Kikilegea au kikishika kutu, mguso mmoja husomeka kama miwili. Kupuliza dawa ya kusafishia hutuliza tatizo kwa muda tu. Tiba ya kudumu ni kubadilisha swichi, nayo si lazima inunuliwe: ing'oe kwenye kitufe cha kulia cha kipanya kingine kilichokufa, kwa sababu kitufe hicho hubofywa mara chache na swichi yake aghalabu huwa bado nzima. Hakikisha urefu wa swichi zote mbili unalingana, na uiweke ielekee upande uleule wa ile ya zamani, kwani kijitufe chake cha juu hakipo katikati. Skrubu zimefichwa chini ya vile vipande laini vya kutelezea, na pengine chini ya karatasi ya nembo. Kwa maoni yangu, watengenezaji wanaoficha skrubu wanatufundisha kutupa mali yetu kwa ajili ya kasoro ya kipande kidogo kuliko punje ya hindi.

Swali: Gurudumu la katikati hurukaruka, na jirani ananishauri nilitie mafuta ya cherehani.

Jibu: Usitie mafuta ya aina yoyote, kwa sababu hunasa vumbi na kuligeuza tope. Toa nywele zilizojiviringisha kwenye ekseli, yaani kijiti kinachobeba gurudumu, puliza vumbi, kisha safisha kwa spiriti na uache ikauke kabisa.

Swali: Mshale hutetemeka nikitumia meza ya kioo.

Jibu: Weka karatasi chini ya kipanya.

Swali: Kipanya changu cha waya huzimika nikiusogeza waya. Je, ninunue kingine?

Jibu: Hapana. Waya umekatikia ndani, karibu kila mara pale unapoingilia kwenye kipanya. Kata kipande hicho kibovu na uunganishe upya nyaya za ndani, ambazo kwa kawaida ni nne: mbili za umeme na mbili za data. Unganisha rangi kwa rangi, na kila muungano ufungwe utepe wake peke yake, kwani volti 5 za kompyuta hazitakudhuru wewe, lakini nyaya za umeme zikigusana zinaweza kuharibu tundu la kompyuta yenyewe.

Swali: Betri imevuja ndani ya kipanya kisichotumia waya.

Jibu: Toa betri bila kuigusa kwa mikono mitupu. Ule unga mweupe ni wa alkali, kwa hiyo ufute kwa pamba yenye siki kidogo au maji ya limau, kisha malizia kwa spiriti. Siku nyingine usiache betri ndani ya kipanya ambacho hukitumii kwa miezi. Iwapo chako kina betri ya lithiamu ya kuchajiwa, nayo imevimba, usiichaji, usiitoboe, wala usiikandamize ili kifuniko kifunge. Mpelekee fundi mzoefu.