Jibu: Vibarua wananyamaza wakiona hatari

Kaka, umeuliza ufanyeje vibarua wako wa ujenzi huko Uyole, Mbeya, waseme wakiona hatari. Wananyamaza kwa sababu anayesema hukosa kibarua kesho yake. Anzia hapo: tamka mbele ya fomeni kwamba atakayesimamisha kazi kwa sababu ya hatari hakatwi hata shilingi.

Mafinga niliona saidia fundi akilia, "Niliiona asubuhi." Kamba ya mrunda, yaani nguzo ya jukwaa wanalosimama mafundi, ilikuwa imelegea, akaogopa kusema, fundi akaanguka, akavunjika mguu.

Sasa kabla ya kazi tunashika kila fundo kwa mkono, na aliyekagua anaandika jina lake daftarini. Kukiwa na ukungu mbao zinateleza, tunasubiri. Na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania ya 2003 inakubana wewe mwajiri kwanza.