Jibu: siyantifike ao komersiale?

Mdogo wangu, umeuliza kama uchukue seksio ya siyantifike (ya sayansi) ao ya komersiale (ya biashara) ku masomo kisha mwaka wa nane, juu fizike unaipenda lakini pointi ziko chache. Angalia kwanza hesabu yako, juu fizike yenyewe haishindaki mtu, ni ile kutafuta x ndani ya fomula njo inaangushaka watu, mi pia nilikuwa vile, nikafanya egzersise kila mangaribi na rafiki mmoja mpaka ikaingia. Na hapa Goma fizike si ya karatasi tu: volkano Nyiragongo ililipuka 2002 na 2021, wale wanachungaka matetemeko yake njo wanatumikisha fizike kila siku. Kama unawaza politeknike (masomo ya injinia ku iniversite), kamata siyantifike, kwa komersiale utasumbuka sana. Hesabu ulipata ngapi?