Maswali ya Wasomaji: Bustani Ndefu Kando ya Kijito

SWALI: Mtaani kwetu Dar es Salaam kuna ukanda mtupu kati ya nyumba za mwisho na kijito, urefu kama mita 600, upana mita 12 hadi 18. Umegeuka jalala. Kamati ya mtaa inataka bustani, ila wengine wanadai eneo ni jembamba mno. Tuanzie wapi?

JIBU: Upana huo unatosha. Bustani ya High Line ya New York, iliyojengwa juu ya reli ya zamani, ina urefu wa kilomita 2.3 na sehemu kubwa haifiki mita 20. Kinachoua bustani ya aina hii ni uchache wa milango. Mtu akitembea mita 300 bila pa kutokea huingiwa na hofu, na pakishaogopwa hapaendi mtu. Kabla ya kununua mche hata mmoja, simameni pale asubuhi na jioni kwa wiki nzima, mwone watu wanakatiza wapi. Kila njia iliyokwishakanyagwa iwe mlango. Pasipo na njia, fungueni mmoja kila mita 100.

Mapema pia mwoneni afisa mipango miji wa manispaa. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, kwa hiyo vibanda vya zege msiviweke hata kwenye mchoro.

Njia ya miguu iwe na upana wa mita 3, nayo ikae upande wa nyumba; masika hula ukingo wa kijito na njia iliyo karibu huondoka nao. Shindilieni moramu sentimita 15, mwage mchanga sentimita 4, ndipo mpange tofali za pevingi. Upande wa kijito uwe chini kwa sentimita 6 ili maji yaishie kwenye nyasi. Bila ukingo wa zege pande zote mbili, tofali huachana. Kwenye mteremko pandeni nyasi za vetiva kwa mistari inayoukata mteremko, mche hadi mche sentimita 15.

Miti ipandwe kila mita 8: mwarobaini, au mikungu kama mnavumilia kufagia majani. Mifikasi hapana, mizizi yake hupasua mabomba na kuta. Shimo liwe sentimita 60 kila upande, na ndoo mbili za samadi iliyooza. Kiangazi, kila mche upate lita 20 mara mbili kwa wiki, miaka miwili ya mwanzo. Miradi mingi hufia hapa: fedha ya miche ipo, ya maji haikupangwa. Vichaka visizidi sentimita 60, na matawi ya chini ya mita 2 yakatwe, ili aliye njiani aone mbele.

SWALI: Je, bajaji na bodaboda tutazizuiaje?

JIBU: Nguzo zenye nafasi ya mita 1 katikati huzuia bajaji. Bodaboda itapita. Mkibana zaidi, kiti cha magurudumu, kinachohitaji kama sentimita 90, kitabaki nje. Afadhali njia ipinde mara tu baada ya mlango, na isiunganishe barabara mbili kwa mstari ulionyooka.